Mto Unataka Mtu wa Kukaa Nao

Wengi mmenipigia mkaniambia hamkuwahi kufika ukumbini, wengine mvua iliwazuia, wengine mlikuwa na arusi Makorora, kwahiyo naweka hapa yote niliyosema siku ile hapa Tanga kuhusu kazi yangu ya kupima maji na mito, karibu kabisa na nilivyosema. Picha nilizoonyesha ukutani sijaziweka. Waliokuwepo ni wanafunzi wa sekondari, wanachuo wachache, wazazi, na wazee wetu kutoka Ngamiani, Muheza na Pangani.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Walimu, asanteni kwa kuniita nyumbani. Na nyie wadogo zangu, hamjambo?

Naanza na swali. Nani leo asubuhi kafungua bomba akapata maji? Nyoosha mkono. Haya, wengi. Sasa nani anajua yale maji kabla ya kufika bombani yalikuwa wapi? Yule kijana wa nyuma kasema Mabayani. Sawa kabisa, bwawani Mabayani. Na kabla ya Mabayani? Mto Zigi. Na kabla ya kuwa mto Zigi?

Mmenyamaza.

Yalikuwa ukungu, jamani. Upepo unatoka huku kwetu baharini umebeba unyevu, unafika Usambara Mashariki unagonga mlima, unapanda, unapoa, na ukipoa hauwezi tena kushika maji yote yale, unayaachia. Ndo maana Amani, kule juu mlimani, inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka wakati huku chini mjini tunapata pungufu kabisa ya hapo. Alafu msitu unapokea ile mvua, majani yanaivunja nguvu, udongo laini wa chini ya miti unainywa, na unaitoa polepole wiki hadi wiki, mpaka mwezi wa pili wakati kaskazi imekauka na hakuna tone linaloanguka, Zigi bado inatiririka. Chai uliyokunywa leo ilikuwa ukungu wa Amani.

Mimi kazi yangu ni kuyafuata hayo maji. Ni mhadhiri wa chuo kikuu, nafundisha haidrolojia, yani elimu ya mwenendo wa maji: mvua ikinyesha inakwenda wapi, mangapi yanaingia ardhini, mangapi yanakwenda mtoni, mangapi yanarudi angani, na mangapi yatabaki kwa ajili ya mwakani. Nina miaka kumi na nne kazini. Nimeitwa niwaambie kazi hii ikoje, na nitawaambia kweli, na shida zake pia, manake nawataka. Nawataka nyie hasa, watoto wa Tanga.

Sasa nilifikaje huku? Kwa kisima cha bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa anakaa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, ukishavuka kivuko. Uani kwake kulikuwa na kisima, kifupi tu, kama pima tatu, na maji yake matamu. Na bibi alikuwa na sheria zake. Kaskazi ikikaza, hakuna kuchota baada ya alasiri. Na usikwangue chini, maji yakianza kuonyesha mchanga unaacha, ndoo yako haijajaa basi unaondoka nayo hivyohivyo. Sisi watoto tukiona ni ukali wa bibi tu.

Nikiwa darasa la sita, jirani mmoja akachimba kisima kirefu akaweka pampu ya umeme. Siwezi kumlaumu, alikuwa na shughuli zake na maji alikuwa anayahitaji kweli. Ila mwezi wa kwanza ulipofika kisima cha bibi kikaanza kuwa na chumvichumvi, kwanza kidogo, chai haikolei, sabuni haitoki povu, alafu mwezi wa pili ndo ikawa hainyweki. Mjomba akaita fundi. Fundi akasema dawa yake ni kuchimba zaidi, akashuka pima mbili nyingine, tukamlipa, tukasubiri siku tatu maji yatulie. Nikawa wa kwanza kuonja. Yamezidi! Yalikuwa chumvi kuliko mwanzo. Bibi akaangalia mle ndani akasema, "Bahari ilikuwa imelala chini, mmeifuata."

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadae nikiwa mwaka wa pili chuo, mwalimu anaandika ubaoni mimi machozi yananitoka, wenzangu wananishangaa.

Nisikilizeni hapa, hasa nyie wa pwani, wa Kigombe, wa Pangani, wa Sahare. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi, yani yasiyo na chumvi. Lita moja ya maji baridi ni kilo moja, lita moja ya bahari ni kama kilo moja na gramu 25. Tofauti ndogo eti? Ila ndo inayotuweka hai. Chini ya ardhi huku pwani maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Na ukipiga hesabu ya ule uzito, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita 40 za maji baridi chini ya usawa wa bahari. Mita moja juu, arobaini chini. Waligundua hili Ulaya watu wawili kila mmoja kivyake, mwanajeshi mmoja Mholanzi, Badon Ghijben, mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Herzberg aliyeandika 1901 kuhusu visima vya kisiwani.

Sasa igeuze hiyo hesabu. Ukivuta maji kwa pampu ukashusha usawa wa juu nusu mita tu, nusu mita, huku chini bahari inatafuta kupanda mita 20. Haipandi siku hiyohiyo, inachukua muda wake, lakini inakuja. Na ukichimba kwenda chini unaifupishia njia. Ndo alichofanya fundi wetu. Na bibi alipotukataza kuchota baada ya alasiri alikuwa anakipa kisima usiku mzima kijazike, na alipokataza kukwangua alikuwa anaiacha ile nusu mita. Yeye hajawahi kukaa darasani hata siku moja, Mungu amrehemu.

Kwahiyo kisima cha pwani kikianza chumvi, tafadhali, usichimbe zaidi. Punguza kuvuta. Bora visima vitatu vifupi vinavyovutwa kidogokidogo kuliko kimoja kirefu kinachovutwa kwa nguvu. Na vuneni mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hii hesabu ya kichwani kabisa. Bati la mita za mraba 50, mvua ya milimita 1,000 ambayo Tanga tunaivuka miaka mingi, ni lita 50,000. Toa moja ya tano ya kumwagika na kukauka, unabaki na 40,000. Ndoo 2,000 za lita ishirini, mama zangu, zinapita juu ya vichwa vyenu kila mwaka zinakwenda kuchimba korongo nyuma ya nyumba.

Na jambo lilelile linatokea mtoni. Wazee wa Pangani mliopo hapa mnajua, chumvi inapanda mto kuliko zamani, minazi ya kingoni inakufa imesimama. Kwanini? Mto unasukumana na bahari kila siku, bahari ikijaa inaingia, mto unaitoa. Mto ukija na maji machache hauna nguvu ya kuitoa. Na Pangani unatoka mbali, Kilimanjaro na Meru, kilomita kama 500, njiani kuna mashamba, kuna miji, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna mitambo ya umeme Hale na Pangani, kila mtu anachukua chake, sisi tuko mkiani. Wengi wanadhani maji ya Pangani ni barafu ya Kibo inayoyeyuka. Siyo. Ile barafu mchango wake ni mdogo mno, maji yanatoka kwenye mvua inayonyesha katika msitu wa mlima, kwahiyo anayekata mti kule Rombo anagusa mnazi wa Bweni. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inasema kwenye kugawa maji yaanze ya matumizi ya nyumbani, alafu mazingira, ndo wengine wafuate. Mazingira ya pili! Ila ili uyagawie mazingira inabidi ujue mtoni kuna kiasi gani, na hapo ndo inakuja kazi yangu.

Mnapimaje mto? Swali zuri la dada pale mbele, na nimekuja na kifaa.

(Hapa nilitoa chungwa mkobani.)

Hiki ndo kifaa. Chungwa la Muheza. Msicheke, nasema kweli, chungwa linafaa kuliko kijiti kwa sababu sehemu kubwa yake inazama majini, upepo haulisukumi, na rangi yake unaiona kwa mbali, na likipotea halichafui mto. Unachagua sehemu ya mto iliyonyooka, unapima mita 20 kando ya maji, mmoja anasimama juu na chungwa, mwingine anasimama chini na saa ya simu. Tuseme chungwa limetumia sekunde 40. Mita 20 kwa sekunde 40 ni nusu mita kwa sekunde. Ila maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosugua mawe, kwahiyo unazidisha kwa 0.85 upate mwendo wa wastani. Alafu mnapima upana, tuseme mita 4, na kina sehemu kadhaa, wastani nusu mita. Nne mara nusu ni mbili. Mbili mara mwendo wenu wa wastani, mnapata mita za ujazo 0.85, yani lita 850 kila sekunde. Ndoo 42 na nusu kila sekunde! Chungwa limekwambia hilo.

Bila shaka tuna vifaa vya kisasa, kuna mita zenye panga ndogo inayozunguka, kuna vya sauti vinavyopima mto mzima kwa dakika chache. Ila mwanafunzi wangu yoyote siku ya kwanza anaanza na chungwa, manake nataka aingie majini. Miguu ilowe. Mwanahaidrolojia ambaye hajawahi kusimama kwenye mto simwamini grafu zake.

Sasa nataka niwaambie kisa kimoja ambacho nimekibeba miaka mingi. Nikiwa nakusanya data za uzamivu, ile PHD, nilikuwa nashughulika na mto mmoja, sitautaja. Kwenye vituo vya mto kunakuwa na ubao wenye namba umesimikwa majini, na kuna mtu wa kijiji anausoma asubuhi na jioni anaandika kwenye daftari, analipwa posho ndogo. Nikafungua lile daftari nikakuta mita 1.42. Kesho yake 1.42. Keshokutwa 1.42. Siku arobaini na moja mfululizo, 1.42 asubuhi, 1.42 jioni, na hiyo ilikuwa masika, na mvua za siku zile nilikuwa nazo kwenye kituo kingine, zilikuwa kubwa. Nilikasirika sana. Nikasema huyu mtu kakaa kwake anajaza tu namba, kaniharibia kazi, na nikafunga safari kwenda kumtafuta nimejaa maneno.

Nikamkuta mzee wa makamo ya baba yangu. Akanikaribisha, akanipa kigoda. Nikamuuliza. Akanyamaza kidogo, akasema ubao ulichukuliwa na maji mwanzo wa masika, alipeleka taarifa ofisi husika mara mbili, hakuna aliyekuja, na posho yake ilikuwa haijatoka miezi minane. Lakini kila siku alikwenda mtoni asubuhi na jioni. Nikamuuliza sasa 1.42 ulikuwa unaiandika ya nini? Akaniambia, "Mwanangu, hiyo ndo ya mwisho niliyoiona kwa macho yangu. Nyingine yoyote ningekuwa nabuni."

Mnaona? Miezi minane hajalipwa, kila siku anakwenda, na amekataa kuongopa. Na mimi nilikuja kumgombeza.

Zile siku arobaini na moja hazitarudi. Hilo ndo nataka mlielewe kuliko yote niliyosema leo. Ukikosa kupima mto leo, leo imekwenda, hakuna mtambo wala programu ya kompyuta itakayokurudishia, tutakisia tu. Na kwenye zile siku ndimo yalimopita mafuriko makubwa ya mwaka ule. Injinia anapokuja kujenga daraja anauliza mafuriko ya miaka 50 ni makubwa kiasi gani, alafu tunampa namba iliyotokana na daftari lenye shimo. Na watu wanaielewa vibaya hiyo miaka 50, wanadhani yakija mwaka huu basi mpaka miaka 50 ipite. Hapana! Maana yake kila mwaka una nafasi moja kati ya hamsini, mwaka huu na mwakani pia. Ukikaa na daraja lako miaka 50, nafasi ya kuyapata angalau mara moja ni kama asilimia 64. Wale mnaokumbuka mvua za elinino 1997 na 1998 mnajua barabara zilivyokatika, na Oktoba 2019 Handeni na Korogwe mliona wenyewe.

Kuna mtu mmoja napenda kumtaja kwa wanafunzi wangu. Mwingereza, Harold Edwin Hurst. Alifika Misri 1906, kakusudia kukaa muda mfupi. Akakaa na mto Nile zaidi ya miaka 60. Wamisri wakamwita Abu Nil, baba wa Nile. Swali lake lilikuwa la kawaida, bwawa liwe kubwa kiasi gani ili watu wasilale na kiu miaka mibaya ikija? Na bahati yake Wamisri walikuwa wanapima mto tangu enzi, pale kisiwa cha Roda kwenye Cairo ya leo, kumbukumbu alizozikuta zinaanzia mwaka 622. Wazee wangu, 622 ni mwaka gani? Ndio, mwaka wa Hijra. Mpaka 1284 zimeshikana karibu bila kukatika. Hurst akakaa na zile namba, akagundua kitu, akakichapisha 1951: miaka mizuri haichanganyiki ovyo na mibaya kama unavyorusha sarafu, miaka mibaya inakuja imeshikana mikono, na mizuri hivyohivyo. Kwahiyo bwawa unalohitaji ni kubwa kuliko hesabu ya sarafu inavyokwambia.

Sisi hili tulikuwa tunalijua kwa Nabii Yusuf, si ndio? Miaka saba ya neema, saba ya ukame, na Yusuf akashauri watu waweke akiba. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Mandelbrot na Wallis, wakaiita tabia hiyo jina lake kabisa, athari ya Yusuf. Imo vitabuni mpaka leo, nafundisha kila mwaka, na kila mwaka nikifika hapo darasa linatulia.

Ila angalieni Hurst alihitaji nini. Alihitaji watu wa miaka mia sita waliokwenda mtoni kila siku kabla yake. Na sisi hatuombwi mia sita. Shirika la hali ya hewa duniani linahesabu tabia ya hewa ya mahali kwa miaka 30, pungufu ya hapo bado hujajua mahali pale pakoje. Na mtu akianza kazi chuoni ana miaka 25 mpaka 30, akistaafu sitini na kitu, amefanya kazi miaka mingapi? Thelathini na ushee. Yani uhai mzima wa kazi wa mhadhiri mmoja unatosha mto mmoja kuujua mara moja. Ndo maana nasema mto unataka mtu wa kukaa nao. Mradi una miaka mitatu, hela zinaisha, gari linarudi. Mto hauna mradi. Anayebaki ni mwalimu aliyepo pale chuoni mwaka hadi mwaka, na wanafunzi wake, na yule mzee wa daftari.

Haya, njia yenyewe ikoje. Nitakwenda haraka, manake mengi mtasoma wenyewe. Fizikia, hisabati, jiografia, kemia, usizikimbie. Unasoma shahada ya kwanza, uhandisi wa maji au mazingira au jiolojia, kuna Dar es Salaam, kuna Sokoine pale Morogoro, kuna Ardhi, kuna Chuo cha Maji Ubungo ambacho kipo tangu 1974 na unaweza kuanza na diploma ukapanda. Ukifaulu vizuri sana chuo kinaweza kukuchukua mkufunzi msaidizi, ukipata uzamili unakuwa mhadhiri msaidizi, ukipata uzamivu mhadhiri, alafu mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila ngazi inataka ufundishe, utafiti, uchapishe. Na si lazima ubaki chuoni, nchi ina mabonde tisa ya maji na kila moja lina bodi yake, ya kwetu Pangani ilianza 1991, kuna mamlaka za maji, kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini.

Shida? Zipo. Kusahihisha mitihani mia mbili usiku umeme unakatika. Kuandika maombi ya fedha kumi upate moja. Darasani kwetu tulikuwa wasichana wanne kati ya vijana arobaini, na kuna mtu aliniambia usoni kwamba mwanamke hawezi kazi ya mtoni. Kuna mshirika mmoja wa nje alichukua data nilizozikusanya misimu miwili akazichapisha bila jina langu, na ile makala ilinichelewesha kupanda ngazi miaka miwili. Nililia, sifichi. Tangu hapo makubaliano yangu na mtu yoyote yanaandikwa kabla gari halijawashwa, na nyie fanyeni hivyohivyo.

Lakini kilichoniuma zaidi ya hicho ni swali la mzee mmoja kijijini huku Muheza. Tulikwenda mara tatu kuchukua maji ya visima kwenye vichupa. Mara ya nne akanizuia mlangoni, kwa heshima tu, akasema, "Binti, mmekuja mara tatu mmechukua maji yetu. Mlikuta nini?" Majibu nilikuwa nayo. Yalikuwa yameshatoka kwenye jarida, kwa Kiingereza, miezi sita nyuma, na watu wa nchi za mbali walishayasoma. Yeye anayekunywa yale maji hajui. Kisima kimoja kilikuwa na vijidudu vya kinyesi, na watoto walikuwa wanakunywa miezi yote ile wakati mimi nahesabu makala zangu. Sikuwa na la kumjibu. Niliomba radhi pale mlangoni, nikakaa chini nikamweleza kisima kimoja kimoja, jioni yake wakaitisha mkutano wa kijiji. Siku hizi mwanafunzi wangu hapewi saini ya mwisho mpaka aniletee picha ya mkutano alikorudisha majibu, kwa Kiswahili, kwa waliompa maji.

Na kwanini nasema Tanga hasa, na sasa hasa? Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji hapa Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yani ilikopa kwa watu na taasisi kwa ajili ya mradi wa kulinda mazingira, shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, ili kupanua huduma ya maji. Ni jambo la kujivunia, nakubali kabisa. Ila mabomba yote hayo mapya yanavuta kutoka kulekule, Zigi. Miaka kumi ya deni ni miaka kumi ya kuutegemea mto mmoja. Nani anaupima kila siku? Nani atasema mwaka wa saba kwamba mwezi wa pili umeshuka kuliko ilivyokuwa, na tope limezidi bwawani? Kule juu kuna wakulima wa Kihuhwi na Zigi waliojiunga wenyewe, UWAMAKIZI, kulinda kingo, wanaacha mita 60 kando ya mto bila kulima, na wanakula hasara ya shamba ili sisi huku tunywe. Wanastahili mtu wa kuwapa namba za kazi yao, waone kwamba tope limepungua au halijapungua.

Mimi niko katikati, miaka kumi na nne nyuma, kama kumi na sita mbele. Yule mzee wa daftari alishapumzika, mjukuu wake ndo anasoma ubao mpya sasa, ananitumia picha kila asubuhi kwa simu. Leo asubuhi kabla sijaingia humu ilikuwa mita 0.87.

Maswali nitapokea pale nje kwenye kivuli, na wasichana msiogope kuja. Jumamosi ijayo tunakwenda Zigi, gari litaondokea uwanja wa Tangamano saa moja kamili asubuhi, wazazi naomba mtoe ruhusa, tutarudi kabla ya magharibi. Vaeni viatu visivyoteleza. Saa ya simu ninayo, kamba ya kupimia ninayo. Kila mmoja aje na chungwa lake.